Je, Wajua? Kujinyima Huweza Kuchochea Kula Kupita Kiasi

Mwaka 1975, watafiti wa Marekani waliwanywesha wasichana wa chuo milkisheki, kisha wakawaachia aiskrimu waonje watakavyo. Wasiojali uzito walikula kidogo, kwa kuwa walishashiba. Waliozoea kujinyima ili wapungue walikula zaidi! Akilini mwao mwiko ulishavunjika, basi liwalo na liwe.

Mwanamke anayeuchukia mwili wake huweza kuzunguka miaka kati ya kujinyima na kula kupita kiasi: anafunga mchana, usiku anakula harakaharaka akiwa amejificha, anaona aibu, kesho anajinyima tena. Tangu 2013 madaktari wa akili Marekani wanautambua ulaji wa kupita kiasi wa kujirudiarudia kuwa ugonjwa unaojitegemea. Kumwita mlafi ni kumwonea. Tiba ya mazungumzo huanza kwa kumrudishia milo ya kawaida, kila baada ya saa tatu au nne.