Fundi Asiye na Cheti: Kipimo, Daftari na Kazi katika Bonde la Kilombero

Karibu kila mtaa wa mji wa Ifakara unaye kijana ambaye watu humpelekea redio iliyonyamaza, taa ya sola isiyowaka au simu iliyokataa kuchaji. Kazi hiyo hakuisomea. Alianza utotoni kwa kufungua vitu vilivyoharibika ili aone kilichomo ndani. Akaunguza vingi, akafufua vichache, na kidogo kidogo mikono yake ikapata maarifa. Hata hivyo, kijana wa namna hiyo aghalabu hutafuta ajira kwa muda mrefu bila ya kuipata. Makala haya yanaeleza kwa nini hali huwa hivyo, na jinsi mambo mawili yanayofundishwa katika maabara ya kila shule, yaani kupima na kuandika, yanavyoweza kumfaa.

Siku ya fundi

Yafaa kwanza tuitazame siku yake. Asubuhi hukaa katika kibanda cha kuazima karibu na soko, mbele ya meza iliyojaa redio kuukuu. Redio hizo ndizo ghala lake: humo hung'oa kapasita, dayodi na spika za kutengenezea redio za wateja. Zana zake ni bisibisi, koleo, na msumari mnene uliotiwa mpini wa mti, ambao huupasha moto katika jiko la mkaa ili uyeyushe risasi ya kulehemia.

Wateja wake wengi ni wakulima wa mpunga, na kwa hiyo kipato chake hufuata mavuno. Mpunga ukishauzwa, fedha hulipwa papo hapo. Wakati wa masika, mashamba yanapojaa maji, kazi huletwa kwa ahadi. Tena masika hayo ndiyo yenye kuharibu vifaa zaidi, maana unyevu wa bondeni hutia kutu katika viungo vya swichi na katika vikamatio vya betri. Basi fundi huwa na kazi nyingi zaidi katika miezi ile ile ambayo wateja hawana fedha.

Mchana huvaa shati safi akaenda kuomba kazi ya kudumu: kwenye mashine za kukobolea mpunga, kwenye gereji, au katika ofisi yenye jenereta. Huulizwa, "Umesoma chuo gani? Cheti chako kiko wapi?" Naye hujibu kwamba anajua kutengeneza. Jawabu hilo laweza kuwa la kweli kabisa, lakini mwajiri hana njia ya kulihakikisha. Mota ya kinu ikiungua mikononi mwa mgeni, hasara ni ya mwenye kinu. Jioni, nyumbani, mjomba humwuliza ataacha lini kuchezea nyaya akakodi shamba kama wenziwe. Swali hilo ni zito kwake, kwa sababu hana cha kuonyesha.

Darasa lililopita bondeni

Bonde la Kilombero limewahi kuwa chuo kikubwa cha ufundi kisicho na madarasa. Kati ya mwaka 1970 na 1975 ilijengwa reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na ikakabidhiwa rasmi mwezi Julai 1976. Reli hiyo hupita Kidatu, Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Kipande cha Mlimba hadi Makambako, kinachopanda milima kwa madaraja na mahandaki mengi, ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote. Maelfu ya vijana wa Tanzania na Zambia walifanya kazi humo pamoja na wataalamu wa China, na wengi wao walijifunza papo hapo kwa kutazama na kutenda.

Vijana wale walikuwa na nafasi ambayo fundi wetu wa leo hana. Msimamizi aliwaona kazini kila siku, na kwa macho yake akajua nani ana mkono imara. Anayetafuta kazi leo hukutana na mwajiri kwa dakika chache tu, tena kwa mara ya kwanza. Ustadi wake ni lazima usafiri mbele yake kwa njia nyingine, na njia hiyo ni ushahidi ulioandikwa.

Mkono unajua nini?

Tusidhani kwamba fundi huyu hubahatisha tu. Tumtazame anapotafuta kasoro. Redio ni mlolongo wa sehemu, kuanzia anteni hadi spika, na kila sehemu hupokea ishara kutoka kwa ile iliyotangulia. Tuseme sehemu hizo ni 8, na moja ni mbovu. Anayekagua moja baada ya moja kutoka mwanzo huenda akahitaji vipimo 7. Fundi mzoefu hugusa katikati kwanza. Ishara ikiwapo hapo, kasoro iko katika nusu ya mbele; isipokuwapo, iko katika nusu ya nyuma. Hivyo sehemu 8 huwa 4, kisha 2, kisha 1, na kasoro hupatikana kwa vipimo 3 tu. Huo ni mfano halisi wa hoja ya kihisabati, ingawa yeye huiita "kuvizia katikati".

Mfano wa pili ni wa televisheni inayotumia betri ya volti 12 iliyochajiwa kwa sola. Mteja hulalamika kwamba picha hukatika, ingawa betri ni mpya. Fundi hubadilisha waya mwembamba kwa waya mnene, na televisheni hutulia. Kanuni ya Ohm hutueleza sababu. Betri ikiwa mita 10 kutoka kwenye televisheni, umeme hupita mita 20 za waya, kwenda na kurudi. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1.5 na urefu huo una ukinzani wa omu 0.23 hivi. Mkondo ukiwa ampea 5, volteji inayopotea njiani ni 5 × 0.23, yaani volti 1.15, na televisheni hupata volti 10.85 tu. Kwa waya wa milimita mraba 4, ukinzani hushuka hadi omu 0.086, na kinachopotea ni volti 0.43. Fundi aliponya ugonjwa bila ya kujua hesabu yake. Lakini akiijua, ataweza kumwambia mteja kabla ya kununua waya ni unene gani unaohitajika, na hapo ndipo mtu huanza kuaminiwa.

Betri, feni na mbu

Kuna kazi bondeni ambayo huonyesha wazi thamani ya kipimo. Mwaka 1957 Rudolf Geigy, mwanasayansi wa Basel nchini Uswisi, alianzisha maabara ndogo ya utafiti mjini Ifakara. Maabara hiyo ilikua, na leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana duniani kwa uchunguzi wa malaria na mbu. Utafiti wa mbu huhitaji mafundi wengi: wa kushona hema za mitego, wa kujenga vibanda vya majaribio, na wa kutunza betri na feni.

Mtego mmoja unaotumiwa sana ni ule wa taa. Una balbu ndogo, feni ndogo na betri ya volti 6. Hutundikwa karibu na kitanda chenye chandarua. Mbu huvutwa kuelekea huko, na feni huwafyonza hadi katika mfuko. Tuseme mtego hutumia mkondo wa ampea 0.3. Kwa saa 12 za usiku utahitaji 0.3 × 12, yaani ampea-saa 3.6. Betri iliyochakaa, ambayo imebakiwa na ampea-saa 3, itafanya kazi kwa saa 10. Mtego uliowashwa saa 12 jioni utazimika saa 10 alfajiri; na hata kabla ya hapo, volteji inaposhuka, feni huzunguka polepole na baadhi ya mbu huponyoka.

Madhara yake si madogo. Tafiti za karibuni zimeonyesha kwamba katika vijiji vya bonde hili mwenezaji mkuu wa malaria ni mbu aitwaye Anopheles funestus, naye huuma zaidi usiku wa manane na kuelekea alfajiri. Betri mbovu huficha mbu hao hasa. Asubuhi mtafiti huhesabu mbu wachache, akafikiri kwamba kijiji kimepata nafuu, kumbe kilichopungua ni umeme. Fundi anayepima kila betri kabla ya jioni na kuandika kipimo chake huwa amelinda ukweli wa utafiti wote.

Daftari la kazi

Kwa hiyo basi, fundi anayetafuta ajira na aanze na vitu viwili: kipima-umeme cha bei nafuu na daftari. Kwa kila kifaa aandike tarehe, aina ya kifaa, dalili alizoelezwa, kipimo kabla ya matengenezo, chanzo cha kasoro, alichofanya, kipimo baada ya matengenezo, na kama kifaa kilirudishwa tena kwa ugonjwa ule ule. Aandike pia kazi zilizomshinda, kwa sababu hizo humwonyesha anachopaswa kujifunza.

Baada ya miezi sita daftari hilo litakuwa na faida tatu. Kwanza, litamfundisha mwenyewe, maana ataona kasoro zinazojirudia. Pili, litamwezesha kukadiria bei na muda wa kazi. Tatu, mwajiri akiuliza "Unajua nini?" ataweza kufungua ukurasa na kuonyesha vinu, redio na betri alizozishughulikia, pamoja na vipimo vyake. Daftari halichukui nafasi ya cheti, lakini hurahisisha safari ya kukipata.

Safari hiyo ipo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Pamoja na kufundisha vyuoni, kama vile Mikumi na Kihonda katika Mkoa wa Morogoro, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi hupimwa kwa maswali na kwa vitendo, mapengo yake huzibwa kwa mafunzo mafupi, na akifaulu hupewa cheti. Anayetaka kufunga nyaya za umeme majumbani lazima pia awe na leseni ya EWURA. Sharti hilo si usumbufu: umeme wa volti 230 huua, nao haumpi mtu nafasi ya kujaribu mara ya pili.

Kazi kwa shule

Walimu wa fizikia wanaweza kuyafanyia kazi haya bila ya gharama kubwa. Wanafunzi wapime volteji ya betri moja kila saa huku ikiwasha taa, kisha wachore grafu na kukadiria itazimika saa ngapi. Wapime pia volteji katika ncha mbili za waya mrefu, mwembamba na mnene, walinganishe na hesabu ya Ohm. Mwisho wamwalike fundi wa mtaani darasani, awaonyeshe anavyovizia katikati, nao wamwonyeshe hesabu zao. Fundi atarudi kibandani na maneno ya kueleza anachokijua, na wanafunzi watakuwa wameona kanuni ya kitabuni ikitengeneza redio ya jirani.