Tope la Usangu na kiatu cha ngozi

Mvua zikikolea Rujewa, kiatu cheusi hakifiki saa nne asubuhi kikiwa cheusi. Tope la Usangu, lile lile linalostawisha mpunga wa Mbarali, huganda kama gundi: hujaza mshono wa soli na kupanda hadi kwenye matundu ya kamba. Lakini ninachokiogopa zaidi ni yale tunayokifanyia kiatu tukifika nyumbani.

Nilikuwa na jozi ya mtumba, ngozi halisi, laini. Siku moja niliitumbukiza kwenye beseni la sabuni ya unga, nikaisugua hasa, nikaianika juu ya bati. Jioni niliishusha ikiwa imekakamaa kama ganda la mti. Nilipoivaa na kupiga hatua, pale vidole vinapokunjia palitoa ufa. Kiwi nilizopaka baadaye ziliujaza weusi tu.

Ngozi ni nyuzi zilizosukana, na mafuta ndiyo yanayoziwezesha kuteleza na kukunjika. Ng'ombe akiwa hai, mwili wake huilisha ngozi hiyo. Ikishakuwa kiatu, wa kuilisha ni wewe. Sabuni kali huyanyonya mafuta, na jua la bati au joto la jiko humalizia yaliyobaki.

Kwa hiyo tope zito likwangue kwa kijiti cha mti, kamwe si kwa kisu. Chomoa kamba uzifue pembeni. Futa ngozi kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, chenye povu kidogo la sabuni ya mche, kisha rudia kwa maji matupu. Shindilia ndani karatasi za gazeti, uzibadilishe zikilowa, na ukiweke kiatu kivulini penye upepo. Kesho yake kama bado ni kibichi, kiache. Subira hapa ina faida kuliko brashi yoyote.

Kikikauka, pitisha mafuta ya mgando kidogo sana kwa ncha ya kidole, hasa kwenye mikunjo, uyaache yazame na ufute yaliyobaki juu. Kiwi ndiyo ifuate, kwa tabaka jembamba. Ikipakwa nene hunasa vumbi. Isubiri dakika chache, piga brashi, malizia kwa kitambaa cha pamba. Usikifungie kiatu kwenye mfuko wa nailoni chini ya kitanda, kitaota ukungu.

Ukitaka kujua kama kazi imekubali, dondosha tone la maji puani pa kiatu. Likijikusanya na kuteleza, kesho pita shambani bila wasiwasi.