Kutambua Podi za Kipimio cha Maikroprosesa

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Fluke ya jimbo la Washington, Marekani, ilikuwa ikiuza chombo kilichoitwa 9010A, ambacho kazi yake ilikuwa kutafuta hitilafu katika mbao za saketi zinazoongozwa na maikroprosesa. Chombo hicho hakitengenezwi tena, lakini kingali kinatafutwa na mafundi wanaofufua kompyuta na mashine za michezo za zama zile. Kinachowasumbua zaidi ni kupata vifaa vyake.

Sababu itaeleweka tukitazama namna kinavyotumika. Fundi huchomoa maikroprosesa katika soketi yake, na mahali pake huchomeka plagi iliyo mwishoni mwa utepe wa nyaya. Utepe huo hutoka katika kijisanduku kiitwacho podi, nacho huunganishwa na chombo kikuu. Ndani ya podi mna maikroprosesa ya aina ileile iliyochomolewa. Kwa kuitumia hiyo, chombo huandika tarakimu katika anwani za kumbukumbu, kisha huzisoma tena ili kuona kama zimebadilika. Kwa hiyo kila aina ya maikroprosesa huhitaji podi yake.

Podi iliyotunzwa vizuri huwa na jina lake juu ya kasha: 9000A-Z80, 9000A-6502, 9000A-68000 na kadhalika. Jina likiwa limefutika, wengi huhesabu pini za plagi. Njia hii hufaa kwa 68000, ambayo ina pini 64. Lakini 8080, Z80, 6502 na 6809 zote zina pini 40, na plagi ya mojawapo huingia katika soketi ya nyingine bila kizuizi chochote.

Hapo ndipo penye hatari. Hebu tulinganishe 8080 ya mwaka 1974 na Z80 ya mwaka 1976. Kwa kuwa Z80 hutekeleza maagizo ya 8080, mtu aweza kudhani kwamba podi zake nazo zaweza kubadilishana. Sivyo kabisa. Soketi ya 8080 hupeleka volti 5 hasi kwenye pini ya 11 na volti 12 chanya kwenye pini ya 28. Katika Z80, pini ya 11 ndiyo ya kupokea volti 5 chanya, na pini ya 28 ni ya kutolea ishara ya kuhuisha kumbukumbu. Podi zina saketi za kujikinga, lakini si busara kuzijaribu kwa namna hiyo.

Jina likikosekana, ni afadhali kufungua kasha na kusoma maandishi yaliyo juu ya maikroprosesa ya ndani. Baada ya hapo, plagi ya utepe huchomekwa katika soketi iliyo kwenye podi yenyewe, na chombo huipima podi hiyo kabla ya kuiunganisha na ubao wowote. Miguu ya plagi nayo itazamwe, maana hupinda na kukatika. Mafundi wengi huivika soketi ya ziada, ambayo miguu yake ikichakaa hubadilishwa kwa gharama ndogo.