Hadithi zinazohoji mamlaka, na njia ya kuzisoma bila malipo

Mnamo Aprili 10, 2025, wanafunzi wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere waliimba wimbo wa taifa katika mashindano ya kitaifa ya drama jijini Nakuru, kisha wakaondoka bila kuigiza. Tamthilia yao, Echoes of War, ilikuwa imeondolewa mashindanoni hadi Mahakama Kuu ilipoagiza iruhusiwe. Mwandishi wake, aliyekuwa Seneta wa Kakamega, Cleophas Malala, alitiwa mbaroni siku iliyotangulia, nao polisi wakawatawanya wananchi kwa vitoa machozi.

Je, kwa nini kisa cha kubuni kizue hofu kiasi hicho? Sababu ni kwamba hadithi za aina hii huuliza swali ambalo watawala hawapendi kuulizwa: mamlaka ya serikali yakome wapi, na uhuru wa mtu uanzie wapi?

Wafuasi wa falsafa ya uhuru wa mtu binafsi hushikilia kwamba kazi ya serikali ni kulinda uhai, mali na mikataba ya raia, na zaidi ya hapo imwache kila mtu ajiamulie mambo yake. Hata hivyo, si lazima mwandishi awe wa mrengo huo ndipo aulize swali lenyewe. George Orwell alikuwa mjamaa, lakini riwaya yake Animal Farm, ya mwaka 1945, ni miongoni mwa zinazotajwa sana kuhusu dola inayowageuka watu wake.

Swali hilo si geni katika Bonde la Ufa. Katika enzi ya ukoloni, mwanamume Mwafrika aliyefanya kazi katika mashamba ya walowezi karibu na Nakuru alilazimika kubeba kipande, na hakuweza kuhama kwa mwajiri mmoja hadi mwingine pasipo sahihi ya yule aliyemwacha.

Fasihi ya Kiswahili nayo imelishughulikia. Katika Kusadikika (1951), Shaaban Robert anamsimamisha Karama kizimbani kwa kosa la kueneza elimu ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia masaibu ya wajumbe waliotumwa kutafuta mema, wakaishia gerezani waliporejea. Katika Gamba la Nyoka (1979), Euphrase Kezilahabi anaonyesha wanavijiji wa Tanzania wakilazimishwa kuhamia vijiji vya ujamaa. Naye Ngugi wa Thiong'o aliandika Caitaani Mutharabaini kwenye karatasi za msalani akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978. Tafsiri yake ya Kiswahili ni Shetani Msalabani.

Msomaji asiye na fedha za vitabu atazipata wapi? Mahali pa kwanza ni maktaba ya umma ya Nakuru, ambapo mtu husoma bila kulazimika kununua kitabu. Njia ya pili ni intaneti. Sheria ya Kenya hulinda maandishi ya fasihi kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mwandishi. Orwell alifariki 1950, Shaaban Robert 1962. Kwa hivyo nchini humu ulinzi wa maandishi yao asilia umekwisha. Riwaya ya Yevgeny Zamyatin, We, kuhusu taifa ambalo raia wake huitwa kwa nambari, inapatikana bila malipo katika Project Gutenberg kwa Kiingereza.

Msomaji ajihadhari, lakini. Tafsiri ni kazi yenye haki zake. Shamba la Wanyama ya Fortunatus Kawegere (1967) haiwi huru kwa kuwa tu Orwell yu huru. Kezilahabi alifariki 2020 na Ngugi 2025, hivyo nakala za bure za vitabu vyao zinazosambazwa kwa simu ni wizi wa jasho la wenyewe. Hao waazimwe maktabani.

Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa waziwazi. Lakini yaliyojiri Nakuru yalionyesha kwamba haki iliyoandikwa, hata ikiungwa mkono na mahakama, bado huhitaji raia wanaoifahamu. Hadithi hizi ni shule nzuri ya ufahamu huo, na ada yake si kubwa.