Kitalu Nyumba cha Nchi ya Baridi Hupimwa Alfajiri

Mchana wa jua, karibu kila kitalu nyumba hupata joto, kiwe cha kioo au cha nailoni. Mtihani wake ni alfajiri. Mkulima wa nchi ya baridi anayechagua vifaa kwa kuangalia mwanga tu amejibu nusu ya swali.

Hesabu yake si ngumu. Kioo cha tabaka moja hupitisha takriban asilimia 90 ya mwanga, lakini kila mita ya mraba hupoteza kama wati 6 kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto kati ya ndani na nje. Tuseme paa na kuta zina jumla ya mita za mraba 200, ndani ni nyuzi 10 na nje ni nyuzi 10 chini ya sifuri. Kitalu hicho kinapoteza wati 24,000, yaani hita 12 za wati 2,000 ziwake usiku kucha. Polikaboneti ya tabaka mbili, unene wa milimita 8, hupunguza hasara hiyo karibu nusu, kwa kuwa hewa iliyofungiwa katikati haipitishi joto kirahisi. Gharama yake ni pesa na mwanga, unaoshuka hadi kama asilimia 80.

Nailoni ni nafuu na nyepesi, na ile iliyotiwa kinga ya jua hudumu miaka mitatu minne. Kasoro yake ni kwamba miale ya joto inayotoka kwenye udongo na majani huipenya ikaenda zake angani, ilhali kioo huizuia. Ndiyo maana usiku wa anga safi usio na upepo, ndani ya kitalu cha nailoni ya kawaida kunaweza kuwa na baridi kuliko nje.

Wakulima wa kaskazini mwa China, kama wale wa Shouguang mkoani Shandong, waliutenganisha mchana na usiku. Kitalu chao hulala mashariki–magharibi. Upande wa kaskazini ni ukuta wa udongo, ambao mara nyingi unene wake chini hupita mita 3. Kusini ni nailoni iliyoinamia jua la Desemba, ambalo adhuhuri hufika nyuzi 30 tu juu ya upeo wa macho. Mchana ukuta hunywa joto. Kabla jua halijazama, mikeka minene ya mabua ya mpunga hukunjuliwa juu ya nailoni, zamani kwa kamba, siku hizi kwa mota. Usiku ukuta hulirudisha joto lile, na matango hustawi wakati maji ya nje yameganda.

Lakini Njombe na Makete nchini Tanzania, ambako sakitu huunguza mazao Juni na Julai, si kila kitu cha Shouguang kinafaa. Huku jua la adhuhuri liko juu hata mwezi Juni, kwa hiyo ukuta mnene upande mmoja hauna faida kubwa hivyo. Kinachofaa kuigwa ni kifuniko cha usiku. Kabla ya kuuza ng'ombe anunue polikaboneti, mkulima na ajaribu kwanza nailoni yake pamoja na pazia la pili la kuvutwa jioni na kufunguliwa asubuhi.