Kinga Inapozidi Kipimo

Jeraha dogo la jembe katika mashamba ya umwagiliaji ya Rapsu, Kaunti ya Isiolo, kwa kawaida hupona lenyewe. Bakteria wakipenya, seli za kinga ziitwazo makrofeji huwatambua na kutoa saitokini, protini ndogo zinazopeleka habari kutoka seli hadi seli. TNF na interleukini-6 ni miongoni mwazo. Saitokini hupandisha joto la mwili, hutanua mishipa ya damu na kuziita neutrofili zije kuwameza wavamizi.

Maambukizi yakivuruga mwitikio huo hata ukaumiza viungo vya mwili wenyewe, hiyo ndiyo sepsisi. Mishipa midogo huvuja, shinikizo la damu hushuka, damu huganda pasipotakiwa, figo na mapafu hulemewa. Mwili hujaribu kujituliza kwa saitokini nyingine, interleukini-10. Utulivu huo nao ukizidi, huku seli nyingine za kinga, limfosaiti, zikifa kwa wingi, aliyevuka siku za kwanza huweza kushikwa na maambukizi mapya. Mkulima wa Rapsu anaijua mizani hii: maji ya mfereji yakikosekana mimea hunyauka, yakifurika huoza.

Mwaka 2017 sepsisi ilihusishwa na vifo takriban milioni 11 duniani. Dawa za kuzuia TNF zilizojaribiwa miaka ya 1990 hazikuleta ushindi uliotarajiwa. Hata dripu ina kipimo chake. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, ulihusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Kati ya waliomiminiwa maji mengi kwa kasi, asilimia 10.5 walifariki ndani ya saa 48. Kati ya wasiomiminiwa hivyo, asilimia 7.3. Watoto wenye kuhara hawakuwemo. Hao huhitaji kurudishiwa maji.

Silaha kuu basi ni kuwahi, kabla mizani haijapinduka. Mwenye jeraha, mama aliyetoka kujifungua au mtoto mwenye homa akianza kuhema mbio, kuchanganyikiwa, kupungukiwa na mkojo au kuwa baridi mikono na miguu, asisubiri kukuche. Safari ya hospitali ya rufaa mjini Isiolo ni ndefu. Kwa hiyo zahanati za huku zisikose kamwe antibiotiki za sindano, na mhudumu awe na ujuzi wa kutoa dozi ya kwanza kabla mgonjwa hajapandishwa garini.