Dandora: Hesabu ya Nyumba na Hesabu ya Watu

Mtu atokaye katikati ya Nairobi na kuelekea mashariki, mwendo wa maili sita hivi, hufika katika mtaa wa Dandora. Huko huona maghorofa yaliyosongamana, maduka, makanisa, misikiti, na watoto wengi waendao shule. Mgeni aweza kudhani ya kuwa mtaa huu ni wa zamani sana, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulikuwa haujajengwa bado. Yafaa kueleza jinsi ulivyojengwa, na sababu ya watu wake kuzidi wale waliotazamiwa, kwa maana mambo yaliyotokea huko yaweza kutokea katika mtaa wo wote mpya.

Haja ya Nyumba

Katika siku za utawala wa kikoloni, nyumba nyingi zilizojengwa Nairobi kwa ajili ya Waafrika zilikuwa vyumba vya wanaume peke yao. Mfanyakazi alipewa nafasi ya kitanda, na mke na watoto wakabaki nyumbani shambani. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, jamaa wengi waliwafuata waume na baba zao mjini. Hesabu ya mwaka 1969 ilionyesha ya kuwa Nairobi ina watu 509,286. Ile ya mwaka 1979 ilionyesha watu 827,775. Baraza la Jiji halikuweza kujenga nyumba kamili kwa upesi huo, na maelfu ya watu wakakaa katika vibanda kama vile vya Mathare, pasipo maji wala vyoo vya kutosha.

Kiwanja Badala ya Nyumba

Kwa hiyo mwaka 1975 shauri lingine lilianzishwa huko Dandora, kwa fedha za Serikali na mkopo wa Benki ya Dunia. Mpango ulikuwa kupima viwanja karibu 6,000, kutengeneza barabara, kuleta maji na kulaza mabomba ya maji machafu. Katika kila kiwanja palijengwa choo na bafu, na katika vingine jiko na chumba kimoja au viwili. Sehemu iliyobaki aliachiwa mwenye kiwanja aijenge mwenyewe.

Viwanja vingi viliwekwa kwa ajili ya watu wa mishahara midogo waliokuwa wakikaa Nairobi pamoja na jamaa zao na wasio na nyumba yao wenyewe mjini. Waombaji walikuwa wengi kupita viwanja, hata ikapasa kupiga kura. Aliyepata kiwanja alikopeshwa fedha za kununua vifaa vya ujenzi, naye akatakiwa kulipa deni lake kidogo kidogo kwa miaka mingi. Wengi waliajiri mafundi. Wengine walijiunga katika vikundi, wakachanga fedha kila mwezi, na kujengeana vyumba kwa zamu.

Chumba cha Mpangaji

Hapa ndipo ilipo sababu ya watu kuongezeka. Mwenye kiwanja alikuwa na deni la kila mwezi, na mshahara wake haukutosha. Basi alipomaliza chumba cha kwanza na cha pili, alikaa katika kimoja na kupangisha kingine. Kodi ile ilimsaidia kulipa deni na kununua mawe ya chumba cha tatu. Jambo hili halikuwa kosa. Mpango wenyewe ulikubali wapangaji. Lakini wako waliopangisha vyumba vyote, nao wakaendelea kukaa kwingine ambako kodi ilikuwa nafuu. Baadaye, katika viwanja vingi, nyumba za chini zilibomolewa na maghorofa yakapandishwa.

Tazama hesabu hii. Watu waliotazamiwa kukaa Dandora walikuwa kama 60,000, yaani watu kumi kwa kila kiwanja. Sasa, kwa mfano, kiwanja kiwe na vyumba vitano. Mwenyewe na jamaa yake, watu sita, wakae katika viwili. Vile vitatu vipangishwe, kila kimoja kwa watu watatu. Kiwanja hicho kimekwisha kuwa na watu 15. Ikiwa viwanja vyote 6,000 ni hivyo, watu ni 90,000, wala hapana hata kiwanja kimoja kilichoongezwa. Na hiyo ni nyumba ya chini. Ghorofa huzidisha hesabu hiyo mara nyingi.

Lakini mabomba yaliyolazwa chini ya ardhi hayaongezeki nyumba zinapopanda juu. Choo kilichojengwa kwa watu kumi kikitumiwa na watu arobaini huziba, na maji machafu hutoka njiani ambako watoto hucheza. Mfereji wa maji nao hupungukiwa nguvu, na mwenye nyumba hulazimika kununua maji kwa mitungi.

Faida ya Kuhesabiwa

Basi haifai kupima ukubwa wa mtaa kwa kuhesabu mapaa yake. Madarasa, vitanda vya hospitali na mabomba hukadiriwa kwa hesabu ya watu. Kenya huhesabu watu wake kila baada ya miaka kumi, na karani huandika kila mtu aliyelala katika nyumba usiku ule uliowekwa. Pengine mwenye nyumba huficha wapangaji wake, akidhani ya kuwa atatozwa kodi zaidi au kushtakiwa kwa kujenga pasipo ruhusa. Kufanya hivyo ni kujidhuru mwenyewe, kwa kuwa mtu asiyeandikwa hunywa maji, hutumia choo, na mtoto wake huhitaji dawati shuleni sawasawa na yule aliyeandikwa. Ikiwa katika chumba wamelala watu watano, karani na aambiwe watano.